Kigoda Kando ya Kisima

Jumapili, tarehe tisa Machi.
Mwaka na miezi minne tangu nilipofunga mzigo wangu nikaondoka nyumbani.

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na wapwa zangu, na mama pia pamoja na lile goti lake lisilosikia dawa wala dua. Mimi mdogo wako sijambo. Bega la kulia linalalamika, lakini bega la mbeba mabomba likiacha kulalamika ujue mwenyewe kafukuzwa kazi. Nakula, nalala, na ile dawa ya kuchua uliyonitumia imekwisha. Nusu nilijichua mimi na nusu wamejichua wenzangu bila kuniomba, maana chumba tunalala wengi na chupa haina kufuli.

Najua utashangaa kuona barua wakati simu ipo. Nimeandika kwa sababu kwenye simu huwa unaniwahi. Kabla sijafungua kinywa umeshauliza nimekula nini, kidonda cha kidole kimekauka, naoga maji ya moto au ya baridi, na nikitaka kukuuliza mimi, unasema haya mdogo wangu, wagonjwa wananisubiri. Karatasi haikatizwi. Ukikuta herufi zimepinda usichukue kalamu nyekundu kama zamani. Mimi ni mtu wa darasa la sita, na hata hilo la sita ni wewe uliyenisukuma nikafika.

Nataka kukuhadithia habari za mama mmoja wa hapa. Nakuomba usome mpaka mwisho, hata kama kuna mtu anabisha hodi.

Hapa tunapoishi ni safu za vyumba vya matofali zinazoteremka kutoka juu mpaka bondeni. Sisi wa mabomba tumepanga safu ya juu, wenyeji wako chini. Kazi yetu ni kulaza bomba kubwa la maji kutoka kwenye tangi jipya mpaka huko bondeni, na kwa kuwa vichochoro ni vyembamba na gari halipiti, mabomba yanakwenda juu ya mabega yetu. Wanane wanabeba, wanne wanatembea kando mikono mitupu. Mimi nilianza kama mbebaji, kisha wakagundua nina koo kubwa wakanifanya mtoa sauti. Wewe mwenyewe ulikuwa ukisema nikiita mbuzi, wanaitika mpaka wa jirani.

Mtoa sauti anahesabu hatua, na muda ukifika anapiga kelele, "Pokea!" Hapo wale wa kando wanaingiza mabega na waliochoka wanatoka. Sheria yetu ni kwamba anayeamua si mbebaji, ni mtoa sauti, kwa sababu mbebaji hajui kama amechoka mpaka awe ameshachelewa. Na ukija kupokewa unatoka, hubishi. Tunaye mwenzetu tunayemwita Bado. Jina lake halisi nimelisahau. Kila alipokuja mtu kumpokea alikuwa akisema, "Bado, bado, niko vizuri." Siku moja akasema bado, bomba likateleza, likamwachia mguu wenye vidole vitatu. Siku hizi anatuchemshia chai, na bado tunamwita Bado. Jambo la mwisho kuhusu kazi yetu, nalo utalihitaji mbele: ikitokea nafasi chini ya bomba na hakuna wa kuijaza, mtoa sauti mwenyewe anaweka bega. Huwezi kuita pokea halafu ukasimama mikono mfukoni.

Sasa, mwaka jana mvua zilipokatika, kipindupindu kiliingia bondeni. Kazi yako naijua kwa kuisikia, lakini sikuwa nimeuona ugonjwa ule kwa macho yangu. Mtu anacheka nawe asubuhi, jioni macho yameingia ndani kama ya mzee. Walijenga hema la wagonjwa karibu na stoo yetu ya mabomba, wakawa wanatundika dripu kwenye misumari waliyotuazima. Wataalamu wakapima maji, wakasema ubaya unatoka kwenye kisima cha chini. Vyoo vimejengwa kwenye mteremko wa juu yake, uchafu unapenya ardhini. Kifungwe.

Akaja bwana mmoja mwenye kipaza sauti juu ya gari. Simsemi vibaya, maana ndiye aliyehangaika mpaka tukaletewa gari la maji safi. Lakini aliwatangazia watu kisima chao kina sumu, akakifunga kwa mnyororo. Kesho yake mnyororo ulikutwa umefungiwa mbuzi. Watu waliendelea kuchota, na waliochota wakaendelea kubebwa kwenda hemani.

Hapo ndipo alipokuja mama huyu. Ni afisa ustawi wa jamii, mwanamke wa makamo, mfupi, miwani yake imefungwa uzi mahali ilipovunjika. Alikuja kwa miguu, na kwapani kabeba kigoda cha miguu mitatu. Wanawake waliokuwa kisimani wakamtazama toka juu mpaka chini. Mmoja, muuza maji mwenye ulimi wa moto, akamuuliza kama anauza vigoda. Mwingine akadakia kwamba kipaza kimeshindwa, sasa wametuletea kiti. Mama yule akacheka nao, akaomba apishwe penye kivuli cha ukuta, akakaa. Akiwa ameketi pale kila mtu alikuwa mrefu kuliko yeye. Hakusema neno juu ya sumu. Aliuliza tu nani alikichimba kisima hiki.

Dada, walijibu wote kwa mpigo. Kumbe hakuna aliyewahi kuwauliza. Kisima kilichimbwa na mzee mmoja wa pale pale, mtu mkavu asiyependa salamu ndefu, wanamwita Fundi Kisima. Alikichimba miaka ya ukame, wakati gari la maji lilikuwa halijui hata njia ya kuja huku. Mama akarudi siku ya pili na ya tatu, na kigoda chake. Wiki haijaisha alikuwa ameshapewa jina la Mama Kigoda, na wale wale waliomcheka walikuwa wanamwekea nafasi ya kivuli.

Nilimwangalia sana jinsi anavyofanya kazi, maana mfereji wetu ulikuwa unapita hapo. Alikuwa na tabia moja ambayo sijaiona kwa bosi yeyote. Jambo alilifanya mwenyewe mara moja tu. Mara ya pili alimwita mtu alifanye, yeye akasimama pembeni akiangalia. Mara ya tatu hakuwepo. Alimwonyesha fundi cherehani jinsi ya kuchanganya maji ya chumvi na sukari kwa mtoto anayeharisha. Baada ya siku chache baraza ya yule fundi ilikuwa imejaa kina mama, na yeye ndiye anayefundisha huku mguu ukiwa kwenye cherehani. Kinyozi naye alipewa kazi ya kuwahubiria wanaume kunawa mikono. Kinyozi akasema watamkimbia. Mama akamwambia kichwa cha mtu kikiwa chini ya wembe hakina pa kukimbilia. Na muuza maji, yule wa ulimi wa moto, ndiye aliyepewa kuweka dawa kwenye ndoo za watu kwenye foleni ya gari. Ukimpita na ndoo yako bila dawa, utasikia habari za ukoo wenu wote.

Lakini kisima kilibaki wazi. Watu walisema hawawezi kumfunikia mzee kisima chake akiwa hai, na mzee akisikia neno kufunika anaingia ndani na kufunga mlango. Mama Kigoda akawa anakwenda kukaa mlangoni kwake kila siku, kwenye kigoda, anamsikiliza akinung'unika. Akitoka hapo anakwenda hemani. Akitoka hemani anakwenda kwa waliofiwa. Na kila aliyefiwa alimtaka yeye, hata kama fundi cherehani yupo, hata kama jirani yupo.

Mchana alikuwa akipita kwenye mfereji wetu, anakaa juu ya bomba, Bado anampa chai. Siku moja alituangalia tukibeba, nikaita pokea, watu wakapokezana. Akaniita, akaniuliza ninajuaje muda umefika. Nilimwambia siangalii bega wala uso, kwa sababu mwanamume akibeba anakaza uso hata kama anakufa. Naangalia miguu. Mguu wenye nguvu unakanyaga, mguu uliochoka unapapasa. Ukianza kupapasa naita. Akauliza na asiyetaka kutoka je? Bado akavua kiatu akamwonyesha.

Mama akacheka, kisha akaniambia anataka niwe mtoa sauti wake. Nilidhani ananitania. Nikamwambia mama, mimi ni mtu wa mabomba, tafuta daktari, tafuta mwenzako wa ofisini. Akasema wenzake wa ofisini wote wako chini ya bomba lile lile, hakuna anayeweza kuinama kutazama miguu ya mwenzake. Wananchi nao, kila anayemwona anaona msaada tu, haoni mtu. Wewe, akaniambia, hutaki kitu kwangu, na una koo. Ukiniona napapasa, niite. Nikamwitikia ili aende zake.

Sasa sikia siku yenyewe. Mjukuu wa Fundi Kisima, msichana anayelelewa na babu yake, alianguka akapelekwa hemani. Mzee akatuma ujumbe: alasiri ile atatoa jibu lake juu ya kisima, na atalitoa kwa Mama Kigoda peke yake. Habari ikaenea. Tulipofika alasiri, uwanja wa kisima ulikuwa umejaa, mpaka nyapara wetu alisimamisha kazi. Kila mtu alijua kwamba mzee akikataa, hakuna wa kumwambia tena, na usiku hauwezi kupita bila mtu mwingine kubebwa.

Mama Kigoda akatokea kwa juu. Alikuwa ametoka kuzika mtoto mchanga wa jirani. Kigoda kiko kwapani, uso umenyooka, anasalimia kila mtu, huyu anamuuliza mgonjwa, yule anampa pole. Ungeuona uso ule ungesema huyu mama ni chuma. Mimi nikaangalia chini. Mguu wa kulia kavaa kiatu cheusi, wa kushoto kavaa kandambili. Na ile miguu, dada, ilikuwa inapapasa. Kwenye ngazi za mawe aliitafuta kila ngazi kama kipofu, na ni ngazi alizozipita kila siku.

Nikasema nikiita sasa, mzee ataghairi, kisima kitabaki wazi, na watoto watakaolala kwenye lile hema watakuwa juu ya kichwa changu. Nisipoita, huyu mama anaanguka hapa hapa mbele ya macho yangu, na nilishamwahidi. Nilisali iite sauti ya mtu mwingine. Hakuna aliyeita. Wote walikuwa wanautazama uso wake.

Nikapiga kelele kwa koo lote: "Pokea!"

Uwanja mzima ukanigeukia. Wabeba mabomba wenzangu wakaruka kutafuta bomba liko wapi. Mama Kigoda akasimama ngazi ya mwisho, akanitazama, akasema, "Bado, mwanangu, leo sio siku, ba..."

Bado akapaza sauti kutoka nyuma, "Mama! Hilo ni jina langu, na unajua nililipata wapi!"

Watu hawakuelewa, lakini yeye alielewa. Nilimwona akitazama miguu yake mwenyewe, akaona kile kiatu na ile kandambili, kama ndiyo kwanza anavaa. Nimekaa mwaka na zaidi kati ya wanaume wanaojisifu kwa nguvu, sijaona mwenye nguvu kama alizotumia yule mama dakika ile. Watu wote wanamtaka, mzee anamngoja yeye peke yake, kazi ya miezi iko mbele yake hatua chache, naye akatii. Alishuka, akaenda mpaka mlangoni kwa mzee, pale pale kando ya kisima, akakiweka kigoda chini, akasema kwa sauti ya chini kwamba naomba radhi mzee wangu, nimechoka, atakaa mwenzangu. Fundi cherehani akamshika mkono akampeleka chumbani kwake nyuma ya cherehani, akamlaza juu ya furushi la vitambaa.

Kigoda kikabaki kitupu. Nikamtazama kinyozi, kinyozi akatazama mbingu. Nikamtazama muuza maji, akaniambia bila kunionea haya, "Si wewe uliyeita?"

Ni kweli, sheria ni sheria. Nikaenda nikakaa. Dada, mimi unanijua, mtu akilia mbele yangu natafuta mlango. Niliogopa kuliko siku ya kwanza chini ya bomba. Magoti yalinifika kifuani, kigoda chenyewe kifupi kama kimetengenezewa kuku. Sikujua la kusema, kwa hiyo sikusema. Mzee alisimama mlangoni akinitazama muda mrefu. Mwisho akauliza kama mimi si yule anayepiga kelele na mabomba. Nikasema ndimi. Akauliza mbona leo nimenyamaza. Nikamwambia nimekalia kigoda cha mtu, naogopa kukivunja.

Akatoa pumzi kwa pua, nadhani ndicho kicheko chake, akakaa kizingitini. Kisha akaanza kusimulia. Kisima hakukichimba peke yake. Alichimba na mke wake, marehemu sasa. Yeye chini na sururu, mke juu na ndoo ya kuvutia udongo. Kule chini kulikuwa giza na hofu, basi mke wake alikuwa akimtukana kutwa nzima kutoka juu, matusi ya mapenzi, ili ajue kwamba yupo na kamba haijaachwa. Maji yalipotoka, mke ndiye aliyeonja wa kwanza. Akasema yana ladha ya jasho lako, yanafaa. Mzee akaniambia kila ndoo ikigonga maji asubuhi, anasikia kama anatukanwa. Wakifunika, ni nani atamtukana?

Nilikuwa natazama chini. Machozi yalinitoka, nakwambia ukweli, na sikutafuta mlango.

Akaniuliza maji ya bomba letu yatafika lini, na nisimjibu kama watu wa gari la kipaza sauti. Nikamwambia siku sijui. Wakubwa wanasema mwezi wa nne, na wakubwa wana miezi yao. Ninachojua ni kwamba kila bomba lililolala pale juu limepita kwenye bega la mtu ninayemfahamu, na hakuna hata moja lililorudi nyuma. Kule hemani mjukuu wake alikuwa akilia, au labda ni mtoto mwingine, lakini mzee aligeuka upande ule. Akasema mke wake angekuwa hai leo asingemtukana kwa mapenzi. Angemuuliza ni mjinga gani anayelinda shimo huku mtoto anakauka.

Akasimama, akauliza, "Mna kitu kizito cha kufunikia, au mna makoo tu?"

Tulikuwa na bamba la zege lililotengenezwa kufunika chemba, lile shimo linalokaa koki. Nyapara wetu, mtu asiyetoa hata msumari uliopinda, aligeuka upande mwingine akasema yeye haoni bamba lolote. Mzee alitoa sharti moja tu: pete ya chuma ibaki juu yake, ili siku vyoo vitakapohamishwa na wataalamu wakisema maji ni safi, lifunguliwe. Akataka na yeye ashike pembe. Nilihesabu hatua, wabeba mabomba na wenyeji wamechanganyika, na katikati ya njia nikamwangalia mzee miguu. Nikaita pokea. Akatoka bila neno, na muuza maji akaingiza bega lake pale pale, anatukana kwamba zege lina uzito kama deni. Mzee aliposikia yale matusi akacheka kwa sauti, mara ya kwanza tangu nimjue. Ndivyo kisima kilivyofunikwa.

Mama Kigoda alilala mpaka kesho yake. Tulikuwa na wasiwasi. Kazi aliyoihangaikia miezi yote imekamilika yeye akiwa anakoroma nyuma ya cherehani, tukasema ataona tumemnyang'anya. Alikuja, akalizunguka lile bamba, akaigusa pete, sisi tumepanga mstari kama watoto waliovunja chungu. Akauliza nani alikikalia kigoda. Wote wakaninyooshea kidole. Akakichukua, akakipangusa, akaniambia nikatafute changu, hiki chake. Halafu akacheka mpaka uzi wa miwani ukakatika.

Baadaye, tukinywa chai, alituambia kwamba mahali alipokuwa kabla ya hapa alibeba peke yake mpaka akaanguka. Na alipoanguka, kila alichokijenga kilianguka naye, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameshika pembe nyingine. Alikaa nyumbani muda mrefu, hawezi hata kuvumilia sauti ya mtoto anayelia. Alidhani kazi hii haimfai tena. Alichojifunza, alisema, ni kwamba moyo wake haukuwa umekufa, ulikuwa haujapokewa. Tangu siku ile amejiwekea Alhamisi kuwa siku yake. Ukienda kumgongea Alhamisi, fundi cherehani anakukatiza barazani na kukwambia, "Mama Kigoda leo hayupo, hata kama unamwona." Na mambo yanakwenda. Hema limeshavunjwa. Mjukuu wa mzee amepona, ulimi wake mrefu kuliko kamba ya kisima, na babu yake anampenda zaidi akimjibu vibaya.

Dada, sasa nafika kwenye nililotaka kusema tangu mwanzo.

Wiki tatu zilizopita nilimpigia mama. Akanisimulia jambo akicheka, na mimi nikacheka naye ili asijue. Alisema juzi ulirudi kutoka zahanati, ukamkuta kakaa kitandani, ukamsalimia vizuri, ukavuta kiti, ukamuuliza anaitwa nani, anaumwa wapi, na ameanza lini. Mama akakujibu, ukatikisa kichwa, ukamwambia atapona. Kisha ukaenda jikoni kupika. Mama anadhani ulikuwa unamtania.

Hukuwa unamtania. Hicho kilikuwa kiatu kimoja na kandambili moja.

Nimekumbuka simu zako zote. Unauliza, husemi. Zahanati ni wewe, goti la mama ni wewe, ada za wanao ni wewe, jirani akiumwa usiku anagonga kwako, na mimi hapa ukanitumia dawa ya kuchua. Watu wote wanautazama uso wako, nao umenyooka, maana ndivyo ulivyo tangu utoto. Ninakustahi kuliko mtu yeyote ninayemjua. Nilipokuwa nikimtazama Mama Kigoda akishuka zile ngazi, nilikuwa nakutazama wewe.

Kwa hiyo nimefanya mambo nyuma ya mgongo wako, na naomba ukasirike baada ya kusoma, sio kabla. Nilimpigia yule mkunga mkubwa wa zahanati yenu, aliyekuzalisha wanao. Aliniambia ameona, na alikuwa anatafuta wa kukwambia. Amekubali kushika zamu zako mwezi mzima, yeye na yule muuguzi mpya uliyemfundisha mwenyewe na bado humwamini. Shemeji nimeongea naye, anajua. Nyapara hapa alitaka nibaki kuongoza kikosi cha bomba la pili, kwa ujira mzuri. Nilimshukuru nikamkatalia. Bado alisema mimi ni mjinga, kisha akasema hapana, akanifungia mkate wa safari ingawa safari yenyewe bado.

Nimetengeneza kigoda kwa mbao za makreti ya koki. Mguu mmoja ni mfupi, kinayumba kidogo, lakini kinakalika. Nitakikalia mimi pembeni ya kitanda cha mama, nimchue goti, nimsikilize hadithi zake zile zile. Atakayegonga usiku nitamfungulia mimi. Ukitaka kukalia hicho kigoda, nitakifungia juu ya kabati.

Wewe utalala. Ukishalala utakula, ukishakula utakwenda kumtembelea rafiki yako yule unayesema kila mwaka utakwenda. Ukitaka kurudi kazini baada ya hapo, utarudi na miguu inayokanyaga, na utapanga Alhamisi yako. Ukitaka kuacha, hilo litakuwa shauri lako, lakini uliamue ukiwa umelala, usiliamue ukiwa chini ya bomba.

Dada, pokea! Yaani ninaita, na ninakuja kuweka bega mwenyewe. Na neno lile moja usilitamke. Mwenye nalo hapa ameshalipia vidole viwili.

Msalimie shemeji na umshukuru. Wapwa zangu waambie mjomba anakuja, na wasimwamshe mama yao. Mama mwambie aache kucheka, aniwekee nafasi karibu na mlango. Mama Kigoda anakusalimu, amenituma nikuulize unavaa kiatu namba ngapi. Nadhani ni utani wake, lakini ananiangalia kila nikipita, kwa hiyo nijibu.

Koki ya mwisho inafungwa mwezi wa nne ukielekea kwisha. Siku maji yatakapofika kwa Fundi Kisima, nitangoja mjukuu wake aonje na aseme yana ladha gani, kisha kesho yake asubuhi napanda basi. Ukisikia mtu anabisha hodi na sauti yake inaitikiwa na mbuzi wa jirani, usiamke. Mlango nitafunguliwa na mama.

Mdogo wako akupendaye,
mtoa sauti.